Arobaini Ngapi, Bi Mize

Bi Mize, mwalimu wangu,

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na mimi nilikuwa sijalia. Watu wa Jambiani wananiona nina roho ngumu. Waache. Ninapika, ninakula, ninazalisha wake zao kama ulivyonifunza. Mkoba wako wa ukunga upo pale pale msumarini.

Yule daktari wa serikali amerudi. Mara ile alikuja kuuliza kila mama amezaa wangapi na wamekufa wangapi, na wewe uliyewapokea wote ukapewa kazi ya kutandika mikeka. Wanawake wakamhesabia walio hai tu. Nani atamtajia mgeni mtoto aliyeondoka kabla ya siku ya saba, hata jina hajapewa? Akaandika kwamba kwetu watoto hawafi, nesi wa uzazi wa nini.

Ulimwambia, "Baba, usiulize watoto. Uliza kakaa arobaini ngapi." Maana siku arobaini za uzazi kila mama huzikaa ndani, mtoto awe mzima au kafa, na hakuna anayeona haya kuzitaja. Mkalimani wake hata hakuyafikisha. Ukarudi kwenye mikeka, ukaninong'oneza, "Mie nshasema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yule miguu yake mirefu!" Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Safari hii kaja na nesi, binti wa Mlandege, kule mjini, ana adabu zake. Alipiga hodi, akakaa chini, akaniuliza, "Bi Kazija, wewe ndiye mkunga. Tuwaulize vipi?" Nikampa maneno yako. Daktari akalifuta swali lake kwa mkono wake mwenyewe, wakaniomba tufuatane nyumba kwa nyumba. Wenye watoto watatu wakajibu arobaini tano, arobaini sita.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yangu. Nesi akaniuliza na mimi.

"Tatu," nikasema.

Akamtazama mwanangu Makame, peke yake uani, akaandika. Wale wawili uliwapokea wewe, ukawaosha wewe, na hatukuwataja tena. Ndipo nilipolia, Bi Mize. Kidogo tu, kisha nikaenda kuchota maji.

Sasa wanasema nesi wa uzazi ataletwa. Sijui. Mungu akulaze pema, mwalimu wangu. Akija, mkeka nitamtandikia, lakini nakuahidi, na mimi nitaukalia.

Mwanafunzi wako,
Kazija