Sauti ya Mwanaume Nyumbani kwa Mjane

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Lushoto
Jumanne, tarehe 12 Julai 1994, saa nane na dakika ishirini mchana

Jina: Abrahamu Shemhilu
Umri: Miaka 51 kwa cheti cha ubatizo; marehemu mama alikuwa akisema 53
Kabila: Msambaa
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Fundi redio
Makazi: Lukozi, nyuma ya soko

Natamka rasmi mbele ya Jamhuri, kwa akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, kwamba bisibisi yenye mpini wa njano uliozungushiwa utepe mweusi ni yangu. Sikuiazimisha wala sikuibiwa. Haijapata kutumika kwa kazi nyingine zaidi ya skrubu, isipokuwa mara moja kufungulia soda. Imekutwa sebuleni kwa Bi Hidaya binti Kaniki, mjane aliye katika eda, na tangu jana jioni watu wa Lukozi wananisalimia huku wakitazama pembeni.

Mimi si Mwislamu, lakini nimezaliwa katikati ya Waislamu na eda naijua. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki bila haja, na mwanaume wa nje haingii. Mume wa Bi Hidaya, marehemu Jafari Shekalaghe, alifariki tarehe 2 Machi mwaka huu. Hesabu ya siku aliishika mdogo wake, Nassoro Shekalaghe, mfanyabiashara wa Tanga, aliyekuja kumzika kaka yake na hakuondoka. Kwa hesabu yake eda inakwisha leo.

Nassoro alikwisha kutangaza mbele ya ukoo kwamba mjane akivunja eda atarudishwa kwao Mlalo na mkeka wake, na nyumba itabaki kwa wenye nyumba. Bi Hidaya hana mtoto. Nyumba ile ameikaa miaka kumi na sita. Nayasema haya ili ieleweke kwa nini bisibisi inanikosesha usingizi.

Sasa naeleza kuhusu spika. Jafari alikuwa dereva wa Mwingereza mmoja wa mradi wa ng'ombe wa maziwa kule Kwai. Mzungu alipoondoka mwaka 1981 alimwachia spika mbili. Wenzake waliachiwa baiskeli na makoti, wakamcheka. Ni makabati mawili ya mbao, kila moja linanifika kiunoni, na nyuma pana kibati kinachosema zilitengenezwa Uingereza mwaka 1968. Mimi sikusomea redio. Nilijifunza kwa kufungua vitu vya watu na kuvirudishia vingi kati ya hivyo. Katika miaka yote hiyo sijaona spika kama zile.

Tangu biashara ilipofunguliwa na kila mwenye shati akawa anakwenda Dubai, redio zimejaa, zina taa zinazocheza na zimeandikwa wati mia tano. Nassoro huuza hizo. Nilipata kufungua moja nikakuta spika ya ukubwa wa kisahani na kipande cha chuma kilichobandikwa ndani ili mnunuzi aone uzito. Za Jafari hazina taa. Alipopunguzwa kazini akawa dereva wa lori la kabichi, aling'oa redio kaseti ya lori bovu, akaiunganisha na betri na spika zake, mimi nikamsaidia waya. Moja aliiweka huku, moja kule, mbali na ukuta, na kiti mbele yake. Ukikaa pale ukafungulia sauti ya mtu, mtu huyo hatoki kwenye kabati la kulia wala la kushoto. Anasimama katikati, mahali pasipo na kitu. Unamsikia akimeza mate. Mara ya kwanza nilikunja miguu ili apite.

Jafari akiwa safarini alikuwa haandiki barua, kwa kuwa Bi Hidaya anasoma msahafu tu. Alikuwa akisema maneno yake kwenye kaseti na kumpa dereva anayepanda huku. Kwetu wengi hufanya hivyo. Tangu afiwe, Bi Hidaya husikiliza kaseti moja kila siku saa kumi jioni, saa ambayo lori lilikuwa likirudi. Huweka sauti ya chini. Nassoro hakulijua hilo, kwa sababu saa kumi huwa yuko sokoni akiwaeleza watu habari za Tanga.

Jana, Jumatatu tarehe 11 Julai, saa sita na nusu mchana, alikuja kibandani kwangu Bi Shamsa, shangazi yake Bi Hidaya, anayekaa naye eda yote. Ni mama wa miaka sitini na kitu.

Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi, spika ya marehemu inakoroma."

"Mama, mimi nyumba yenye eda siingii."

"Nani kakukaribisha? Utaitibu dirishani kama ng'ombe wa jirani."

Nilikwenda. Bi Shamsa alikuwa ameisukuma spika ya kushoto hadi dirishani, nikaitoa koni, ile karatasi inayotetema ikatoa sauti, nikiwa nimesimama nje, kwenye ukungu. Bi Hidaya alikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia, hatua nne kutoka kwa shangazi yake. Nilisema, "Mwambie pole." Bi Shamsa akageuka akasema, "Anasema pole." Pazia likasema, "Mwambie nimeshapoa, ila Jafari anakoroma, na yeye hakuwa mkoromaji." Bi Shamsa akanigeukia akaanza, "Anasema..." Nikamwambia nimesikia.

Niligusisha waya na betri ya tochi, koni ikaruka, tu! Maana yake ilikuwa hai, imechanika ukingo. Niliziba kwa ngozi nyembamba ya tyubu ya baiskeli na gundi, nikangoja saa nzima ikauke, nikafunga.

Hapa ndipo penye shida yangu. Kabati lile lina uzito wa debe moja na nusu la mahindi. Kusukuma kwenda dirishani Bi Shamsa aliweza, kwa kuwa sakafu inateremkia huko. Kurudisha alishindwa. Alisukuma mara tatu, akakaa juu yake, akasema, "Abrahamu, mimi nikifia hapa itakuwa misiba miwili." Bi Hidaya akatoka kwa mlango wa nyuma, akaingia jiko la nje, na Bi Shamsa akafunga komeo la jiko hilo. Ndipo nikaingia sebuleni. Nimeulizwa hapa kituoni kama ningeweza kutoliandika hilo. Ningeweza. Niliingia. Nilibeba spika, nikaiweka kwenye alama zake sakafuni, nikaijaribu kidogo, nikatoka. Zilikuwa dakika nne. Bisibisi niliiacha juu ya kabati kwa sababu ya haraka, na haraka ilitokana na woga.

Saa nane na robo nilikuwa kibandani. Saa kumi nilikuwa bado pale, namweleza Mama Raheli muuza viazi kwamba redio yake imekufa, naye alikuwa anakataa. Anaweza kuulizwa.

Mwanzo wa mambo ya saa kumi sikuuona. Naueleza kama Nassoro mwenyewe alivyoutangaza uwanjani mbele ya watu wasiopungua thelathini. Alisema jana alirudi mapema kwa ajili ya baridi. Alipofika mlangoni akasikia mwanaume ndani akisema, "Asalaam aleikum." Yeye akaitikia, kwa kuwa salamu ni haki ya aliyesalimia. Kisha mwanaume akakohoa, akasema, "Hidaya, umekula?" Nassoro akauliza, "Nani wewe?" Mwanaume akacheka. Nassoro akachukua mpini wa jembe, akavunja mlango.

Nilifika mbio kwa sababu ya kelele. Nilimkuta Nassoro katikati ya sebule akipiga mpini mahali patupu, kati ya makabati mawili. Pigo moja liliangukia kigoda, la pili lilipasua kitambaa cha spika ya kulia. Bi Shamsa alikuwa amekwisha kung'oa waya kwenye betri. Bi Hidaya alisimama ukutani, mikono kifuani, ndani ya nguo zake nyeupe, ushungi umemfunika uso.

Bi Hidaya akasema, "Shemeji, ni kaseti. Ni kaka yako."

"Maiti haikohoi! Na kama ni kaseti, ilete niichome, tuone kama atalia."

Hakuileta. Nilimwona akibana mikono zaidi, nikajua iko wapi. Pale hakuna mwanaume ambaye angeweza kuitafuta, na yeye asingeitoa mbele ya mtu aliyeahidi kuichoma. Nassoro akageuka, akaona bisibisi.

"Ya nani hii?"

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Lukozi nzima inaijua. Nilisema, "Yangu."

"Mlutheri!" akasema. "Ndugu yangu hata kaburi halijakaa sawa, na wewe unakohoa kwake!"

Nilitaka kueleza kwamba saa kumi nilikuwa na Mama Raheli, lakini nikaona kwamba kujitetea kwa jina la mwanamke mwingine hakutanisaidia siku hiyo. Niliondoka nikiwa nimeshikwa mkono na mjumbe. Usiku sikulala. Mke wangu hakusema neno lolote, na namfahamu.

Leo saa tatu asubuhi Koplo Secilia na Konstebo Hamisi walifika Lukozi. Koplo aliingia ndani peke yake. Alikaa muda wa chai. Alipotoka alikuwa na kaseti mkononi, imefungwa kwenye leso, nayo ilikuwa na joto bado. Akaniamuru niunganishe waya nikiwa dirishani, akaamuru Nassoro na Konstebo wasimame nje, mlango ufungwe.

Spika ya kulia ilikuwa imepigwa, na sikujua kama itasema. Kama ingesema moja tu, sauti ingetoka kwenye kabati kama redio nyingine yoyote, na Nassoro angesema si hiyo. Niliunganisha. Kwa muda kulikuwa na mvumo wa lori tu. Halafu, katikati ya chumba, mtu akasema:

"Asalaam aleikum."

Kule mlangoni Konstebo Hamisi akaitikia kwa nguvu, "Waaleikum salaam, mzee, karibu nje!" Kisha akawa anatazama viatu vyake. Koplo Secilia aliandika kitu.

Nassoro alipiga mlango kwa kiganja. "Huyo! Huyo ndiye wa jana, afande!"

"Una hakika?" Koplo akauliza.

"Naapa. Sauti ile sitaisahau mpaka naingia kaburini. Mkamateni!"

Sauti ikakohoa. Ikasema, "Hidaya, umekula?" Ikacheka, kwa kuwa palipita mbuzi akalia karibu yake. Kisha ikasema, "Ni mimi Jafari. Niko Mtwara, lori limekatika springi, tunangoja nyingine wiki ya pili sasa." Alieleza bei ya nazi. Alieleza jinsi walivyolala chini ya turubai. Kisha akasema, "Nassoro hajaandika? Akija nikiwa sipo, mpe chumba cha nyuma. Mwekee lile blanketi zito. Huyo tangu mdogo kifua chake hakiwezi baridi ya huko, na hawezi kusema."

Nassoro alikuwa ameacha kupiga mlango. Koplo alipoufungua tulimkuta amekaa kwenye kizingiti, ameshika magoti.

Bi Shamsa alisema, "Miaka kumi na tisa hukumsikia kaka yako, mwanangu. Ungeitambulia wapi?"

Sauti ya kaka yake iliendelea kuzungumza ndani juu ya springi mpaka ikafika mwisho wa maneno. Nilizima. Hakuna aliyeniambia nizime, lakini niliona kwamba ningeacha mvumo ule uendelee tungekaa pale mpaka adhuhuri.

Nilidhani yamekwisha. Nilianza kuviringisha waya. Ndipo Nassoro akasimama, akajifuta uso kwa kofia, akasema kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko mpini: "Sawa, afande. Wa saa kumi ni ndugu yangu. Na aliyekuja kabla yake? Bisibisi haikuingia kwa kaseti."

Koplo akanitazama. Bi Shamsa akatazama chini.

Nikasema niliingia. Dakika nne.

Nassoro akasema, "Basi eda imevunjwa jana, ikiwa imebaki siku moja. Jioni ukoo unakaa." Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha kitu ambacho yeye hakukitengeneza. Bi Hidaya alisema neno moja tu kutoka ndani: "Fundi amesema kweli." Sijui kama alikuwa ananilaumu.

Ndiyo sababu nimekuja Lushoto kwa hiari yangu, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya kabichi, kuandikisha haya kabla ya jioni. Niliingia kubeba mzigo uliomshinda mama wa miaka sitini. Mjane alikuwa jiko la nje, komeo likiwa upande wa shangazi yake. Uso wake sijauona tangu siku ya mazishi. Kama dakika nne zinatosha kumtoa mtu kwenye nyumba ya miaka kumi na sita, basi zihesabiwe kwangu mimi niliyeingia, si kwake yeye aliyetoka. Sina la kuongeza, na la kupunguza nimejizuia. Hayo ndiyo niliyoyajua na kuyatenda.

(Sahihi) A. Shemhilu

Maoni ya mwandishi wa maelezo: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali ni sahihi, ametia sahihi mbele yangu. Baada ya hapo nimemhoji kwa simu sheikh wa msikiti wa Lukozi, aliyeitwa kwenye simu ya misheni. Anasema hakuna aliyemuuliza kabla. Anasema eda huhesabiwa kwa mwezi wa kuandama, si kwa kalenda ya ukutani. Marehemu alifariki tarehe 19 Ramadhani. Miezi minne na siku kumi zilitimia tarehe 29 Mfunguo Nne, yaani Jumamosi, tarehe 9 Julai 1994. Tukio ni la Jumatatu, tarehe 11.

WP 1128 Koplo Secilia