Sinia la Mnyonya Vyoo

Katubuka, Kigoma

Mke wangu Veronika,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia. Wewe na mtoto mko salama? Kikohozi chake kimeachia? Na huko Singida mvua zimefika?

Barua yako nimeipata. Umeuliza uje lini, na sitaki kukujibu kabla hujajua maisha utakayoyakuta hapa.

Kazi ya kampuni ndiyo hii: gari la halmashauri haliingii vichochoro vya huku, basi tajiri wetu kanunua pampu ya mkono na mkokoteni wa mapipa, nasi tunanyonya vyoo vilivyojaa. Wanaotuita ni watu wa hali ya chini, na wanatuhitaji kweli. Tukiwa kazini wanatuita mafundi. Tukishaoga hakuna anayetujua.

Mwezi uliopita jirani yangu alifiwa na mama yake. Nikajisugua kwa sabuni, nikavaa lile shati ulilonishonea, nikaenda msibani. Chakula kilipoletwa nikakaa kwenye sinia la wanaume wa mtaa. Mmoja akasema ameshiba. Wa pili akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Waliobaki walinyanyuka tu. Wote hao nimewanyonyea vyoo vyao, Vero. Nikabaki na wali wa watu wengi, naona haya kuula na naona haya kuuacha.

Ndipo Nestori, mkimbizi wa Burundi niliyekuwa nikisukuma naye mkokoteni, akaacha sinia lake, akanawa upya, akaja kukaa mbele yangu.

"Sogea, ndugu yangu," akasema. "Ama unataka umalize peke yako?"

Tukala mpaka sinia likabaki jeupe.

Wiki iliyofuata wakimbizi waliokuwa mjini walikusanywa, wakarudishwa kambini, naye akiwamo. Tangu hapo napika ugali wangu wa muhogo na kuula nikitazama ukuta. Upweke unaniuma, sikufichi.

Kazi siachi. Kipindupindu kikiingia vichochoro hivi hakitabakiza mtu, na mshahara ndio unaowalisha huko.

Nisalimie mama mkwe, na kaka yangu mwambie asiuze ule mbuzi jike. Mtoto mbusu kwa niaba yangu.

Ukija, Vero, wanawake wa hapa watakuachia sinia na wewe, kwa sababu yangu. Fikiri vizuri. Halafu, kama moyo wako utakubali, njoo tule wote.

Mumeo,
Eliasi