Haikuwa Betri, Baba Mwanaidi

Baba Mwanaidi,

Haikuwa betri. Naanza na hilo, maana nikianza na salamu nitakuuliza hali, na hali yako hakuna wa kunijulisha. Haikuwa betri, mume wangu, na wala haikuwa redio yangu.

Eda nimeimaliza. Muda wote nilipokaa ndani, gari lako lilikuwa palepale uani, linanitazama kila nikifungua dirisha. Kuku walikuwa wanataga chini yake. Shemeji alitaka kulivuta akaliuze vipuri, nikasema asithubutu mtu kuligusa. Siyo kwamba nalipenda. Nilitaka kujua. Eda ilipokwisha tu, nikamwita fundi umeme wa magari kutoka Kongowe.

Unajua kwa nini. Asubuhi ya siku ile nilikaa ndani ya gari nachambua kunde, mlango wazi, redio inaimba. Ndiyo ilikuwa tabia yangu tangu ulipofunga zile spika zako kubwa, nawe ukawa unanitania kwamba ulidhani umeoa mke, kumbe umeoa abiria. Baada ya alasiri ukarudi kutoka shamba la Mbwawa umeshika kifua, jasho linakuchuruzika. Nikakukalisha kiti cha mbele, usukani nikashika mimi, mwanafunzi wako wa udereva. Nikazungusha ufunguo. Ka! Taa zote zikazima. Nikazungusha tena. Ka! Na gari lenyewe otomatiki, hata majirani wangejaa vipi, halisukumwi likawaka. Ukaegemeza kichwa, ukacheka kidogo, ukasema, "Mama Mwanaidi, umeimaliza betri na redio yako."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoniachia. Bajaji ilipopatikana ulikuwa huongei tena. Hospitali tulifika nimekupakata, umeshaondoka.

Msibani mama yako aliniuliza gari lilikuwa na nini. Nikamjibu kama ulivyosema wewe. Ningemjibu nini kingine? Akanitazama mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani, akasema, "Redio yako imenilia mwanangu." Tangu siku hiyo hajanipigia simu. Akitaka kujua habari za nyumbani, anampigia Mwanaidi. Na sikumlaumu. Kila nikisujudu nilikuwa nakiona kidole changu kwenye ile redio.

Basi fundi akaja, mtu mzima mwenye mvi. Alipofungua boneti akapiga mluzi. "Nani kafunga hizi nyaya?" Nikamwambia marehemu mume wangu. Akasema Mungu amrehemu, halafu akainamia nyaya, nikajua kabisa alikuwa na la kusema akalimeza. Ewe Baba Mwanaidi, na nyaya zako! Taa kali za mbele, amplifaya, feni, na ile kengele ya kurudia nyuma kama lori la mchanga. Zote waya mwekundu, kwa kuwa dukani siku hiyo ulibaki huo tu. Nilikuuliza, nimekushikia spana, utazijuaje hizi? Ukanijibu, "Nazijua kama wanangu." Una mtoto mmoja, wewe!

Betri yetu ilikuwa imeshakufa kwa kukaa. Fundi akaweka ya kwake, nzima, aliyokuja nayo. Akaniambia nizungushe ufunguo. Ka! Taa zikazima, vilevile kama siku ile.

Akaufuata ule waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kushikana na bodi ya gari, ule mnaouita wa ethi. Pale unapofungwa na bodi ulikuwa umezirundika nyaya zako zote kwenye bolti moja, moja juu ya nyingine, mpaka nati ikakosa pa kushika. Ilikuwa inacheza kwa kidole. Alinieleza kwamba redio haitaki moto mwingi, inaimba tu. Stata, ile inayoamsha injini, inataka moto wote, na moto haukuwa na pa kupita. Akazitoa zote, akasugua kutu, akaurudisha ule waya mnene peke yake, akakaza kwa spana namba kumi. Nikazungusha.

Liliwaka mara moja.

Nilishuka nikakaa chini, mchangani, nikalia mpaka fundi wa watu akaogopa. Nilidhani nikijua kwamba si mimi nitapumua. Sikupumua. Ilikuwa wewe, kwa mkono wako, na hukujua, na sina njia ya kukwambia. Spana ile mimi ndiye niliyekuwa nakupa. Siku ile ningeweza kuikaza ile nati mimi mwenyewe, huku nakuombea dua. Labda hata gari lingewaka usingefika. Mungu ndiye ajuaye. Lakini hiyo labda hainipi usingizi.

Ijumaa nikaenda Kisarawe kwa mama yako. Njia nzima nilikuwa najifunza la kusema: mama, si redio, ni mwanao na nyaya zake. Nimechoka kuonekana muuaji. Nikamkuta jikoni anakuna nazi, juu yake inawaka ile taa uliyomfungia kwa betri kuukuu. Shikamoo, mama. Akaitikia marahaba bila kuinua uso. Akaja jirani kuazima kinu, mama akamwonyesha taa kwa kifuu cha nazi, nami nipo nasikia. "Hii kanifungia mwanangu. Mkono wake haukuwahi kukosea." Akaendelea kukuna.

Jirani alipoondoka akaniuliza, "Nasikia umeita fundi. Kaonaje?"

Yote yalikuwa hapa mdomoni, mume wangu. Nati, bolti, kutu, yote. Nikamtazama yule mama, hana kitu kingine duniani ila huo mkono wako.

Nikasema, "Betri, mama."

Akasema, "Nilijua."

Ndivyo ilivyo sasa. Gari linawaka na sina pa kwenda nalo. Kisarawe nimebaki niliyeua, na nitabaki hivyo mpaka nife. Haki yangu inajulikana na Mungu na fundi wa Kongowe, na fundi nimemwomba anyamaze.

Lala salama, Baba Mwanaidi, Mola alipanue kaburi lako. Nakuahidi mama yako hatalisikia hili kwangu, hata anitukane vipi, hata asinipe mkono wa Idi. Lakini wewe nimekuwekea. Siku tutakapokutana, kabla hujaniuliza hata habari za mtoto, utaanza kwa kuniomba radhi.

Mkeo,
Mama Mwanaidi