Mguu wa Afande

Mtwara, 6 Septemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepoa. Mimi sijambo. Nimepiga simu mara tatu, na kila mara umenijibu "Alhamdulillahi, mihogo ipo" kabla sijauliza kitu. Najua husikii vizuri, ndiyo maana naandika.

Mbwa aliyeshushwa na dereva wa pikapu anaitwa Bruno. Ni pointa, mbwa wa kuwinda wa asili ya Ujerumani. Mwenyewe ni bosi wangu, mhandisi Lukasi, amehamishiwa nje ya nchi, na nyumba ninayopanga mbwa hawaruhusiwi. Akikosa pa kukaa atachomwa sindano afe, na ana miaka minne tu. Ananusa, anafuata nyayo, anaogelea, anaokota kitu bila kukitoboa. Lakini akiachwa peke yake anaacha kula.

Najua habari ya najisi, mjomba. Ila huyu ni wa shamba, na nguruwe wanakumalizia mihogo. Mvumilie mpaka korosho ziishe, kisha nitamtafutia kwao. Naahidi.

Mpwa wako,
Nasra

Kitaya, 20 Septemba 2024

Mpwa wangu Nasra,

Marahaba. Goti lipo, linauma kwa zamu. Hukuniuliza kama nataka mbwa. Umeniomba nimvumilie akiwa ameshafika. Marehemu mke wangu Rukia alikuwa akinipikia mlenda kwa mtindo huohuo.

Nimemjengea kibanda mbali na nyumba. Nikamwambia: wewe huko, mimi huku. Siku ya kwanza shambani akasimama ghafla, mguu mmoja wa mbele juu, hatikisiki. Nikajua kachomwa na mwiba. Nikamwonea huruma, nikamshika mguu, nikakagua. Hakuna kitu. Nikanawa mara saba, moja kwa udongo. Kesho yake vilevile. Udongo wa uwanja wangu utaisha! Ni mgonjwa, au ananifanyia mzaha?

Hilo jina la Bruno halikai mdomoni. Namwita Afande, kwa anavyosimama kama yuko gwaride.

Mjomba wako,
Jafari

Mtwara, 28 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pole na goti. Barua yako niliisomea ofisini. Nilicheka, kisha nikafunga mlango nikalia kidogo; sijui kwa nini nakwambia hili.

Afande haumwi. Ndivyo alivyofundishwa: akinusa kitu kilichojificha habweki. Anasimama, ananyanyua mguu, anakungoja. Usitazame mguu, tazama pua inakoelekea. Ukweli ni kwamba nilikufikiria wewe kwa sababu hiyo. Mbwa wa kubweka usingemsikia.

Mpwa wako,
Nasra

Kitaya, 2 Novemba 2024

Nasra mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, na leo neno hilo naliandika kwa uzito wake.

Jumatano tulikuwa tunaokota korosho chini ya ule mkorosho wa Rukia. Nimeshainama, mkono unaelekea kwenye majani makavu, Afande akapita mbele yangu akasimama. Mguu juu. Barua yako nilikuwa nimeisoma, lakini mazoea! Nikaacha korosho, nikapiga goti, nikamshika mguu nitafute mwiba. Nikiwa chini vile ndipo nikaona pua inatazama wapi. Kifutu, mnene kama mkono wangu, kajikunja palepale nilipotaka kutia vidole. Jirani yangu Bi Fatuma anasema yule nyoka alikuwa akipuliza kama pampu ya baiskeli. Mimi sikusikia kitu.

Bi Fatuma mwenyewe bado ana kinyongo. Afande alimrudishia kuku wake aliyepotea, kambeba mdomoni, mzima, hana hata unyoya uliokatika. Bi Fatuma akamwosha kuku mara saba. "Jafari," ananipigia kelele, "mbwa wako ana adabu kukushinda, lakini kuku wangu sasa ana mafua!"

Asante, mwanangu.

Mjomba wako,
Jafari

Mtwara, 7 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nakuombea afya. Korosho zimeisha, na ahadi ni ahadi. Mfugaji mmoja wa Masasi atampokea Afande. Pikapu itakuja Jumamosi, tarehe 14. Ukitaka abaki, niandikie tu. Sitaki kukuamulia mara ya pili.

Mama Rukia alipofariki nilikaa siku tatu, nikarudi kazini. Nilijiambia ni kazi. Niliogopa kukiona kinu chake kimekaa bila mtu. Nilikuletea mbwa kwa sababu sikuweza kujileta mwenyewe. Nisamehe.

Mpwa wako,
Nasra

Mtwara, 16 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Dereva amerudi mikono mitupu. Anasema mlango ulikuwa umefungwa, hakuna mtu wala mbwa. Bi Fatuma hapokei simu. Uko salama? Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Nasra

Kitaya, 19 Desemba 2024

Mwanangu Nasra,

Marahaba. Nipo salama, na goti limetulia.

Dereva hakukosea nyumba. Niliandika "abaki", nikachana. Nikaandika tena, nikachana. Mtu mzima kumlilia mbwa! Jumamosi asubuhi nikawaza: nikikaa nitaulizwa mbwa yuko wapi, na uongo siuwezi. Nikabeba jembe, tukaenda shamba la mbali mpaka adhuhuri. Dereva asije tena.

Habari ya Rukia usijilaumu. Kinu kipo. Njoo ukitumie.

Kibanda nimekisogeza karibu na mlango. Sheria sijavunja, udongo bado upo. Afande akisimama natazama pua kwanza, kama ulivyonifundisha. Kisha namshika mguu, nakagua. Najua hakuna mwiba. Lakini yeye ameshazoea kuuleta mguu, na mimi nimeshazoea kuushika.

Asante kwa kutoniuliza mara ya kwanza.

Mjomba wako,
Jafari