Sanduku Chini ya Saruji

Stoo ya matroni
Jumatatu, 6 Januari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe na mgongo wako mnaendelea vizuri. Mimi ni mzima, ila nanuka saruji, na sijaandikishwa shuleni.

Nieleze kwa utaratibu. Tuliondoka na gari la mjomba saa kumi na mbili asubuhi, mizigo ya wateja juu ya sanduku langu. Kijiji cha kwanza, mwalimu alitaka madawati yake. Yalikuwa chini kabisa. Tukashusha bati, magodoro na saruji, tukatoa madawati, tukapakia vyote upya. Kijiji cha pili, fundi alitaka cherehani yake. Chini vilevile. Kijiji cha tatu watu walitoa viti nje wakakaa kututazama, na bibi mmoja akamwuliza mjomba, "Baba, unahama au unafanya mazoezi?"

Nilimwomba mjomba aliweke sanduku langu juu, maadamu limeshatoka. Akasema, "Mwanangu, gari ni langu, kupanga ni kwa dada. Nikivuruga mpango wake atanisema mpaka kiama." Akalirudisha palepale. Nikamsaidia kulishika, kwa kuwa ni mtu mzima.

Tulifika getini saa tisa kasoro dakika kumi. Mwandikishaji akauliza sanduku liko wapi. Nikasema liko chini ya saruji. Akasema, "Mwanafunzi bila sanduku ni mgeni, na daftari linafungwa saa tisa." Mifuko ilikuwa arobaini. Sanduku lilipotoka ilikuwa saa tisa na robo.

Matroni amenihifadhi. Kitanda changu kitangoja hadi Ijumaa saa tisa, kisha atapewa mwingine. Nitampa mjomba barua hii kesho akirudi.

Binti yako

---

Ghalani
Jumanne, 7 Januari

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, asante kwa kuujulia hali kabla ya kunishambulia.

Nimepakia magari miaka kumi na tisa. Aliyewahi hupakiwa kwanza. Hiyo ndiyo haki, na hakuna mteja aliyewahi kuniambia nimempendelea mwenzake. Nilimpendelea mmoja tu: wewe. Sanduku lako nililitia kabla ya mzigo wowote kwa sababu u mwanangu. Leo imekuwa kosa?

Mwambie mkuu wa shule kwamba barabara ni mbovu, mjomba wako ni mzembe, na huyo mwandikishaji hana utu. Na ule vizuri.

Mama yako

---

Stoo ya matroni
Jumatano, 8 Januari

Mama,

Shikamoo. Nakula vizuri. Mgongo nauombea.

Nimemwambia mkuu wa shule yote matatu. Akasema, "Barabara hiyo wamepita wasichana sabini. Gari lilipakiwa na nani?" Sikutaka kukutaja. Nikakutaja.

Amesema kama mimi nilifika kwa wakati na kosa lilikuwa la upakiaji, aliyepakia aandike hivyo mwenyewe na kutia sahihi. Hataki barua ya mjomba wala yangu. Mwisho ni Ijumaa saa tisa.

Mama, kwa heshima zote: walio karibu huwahi ghalani, hupakiwa kwanza, hukaa chini. Walio mbali huchelewa, hukaa juu. Ndiyo maana gari hupakuliwa lote kila kijiji, kila safari, miaka kumi na tisa. Hata matroni, ambaye hajapakia kitu zaidi ya sufuria kabatini, ameliona.

Siandiki kwa jeuri. Nataka kusoma. Najua ninachokuomba ni kizito kuliko ile mifuko.

Binti yako

---

Ghalani
Alhamisi, 9 Januari

Binti yangu,

Marahaba. Usiniulize mgongo leo.

Barua ya kumpa mkuu wa shule imo ndani ya bahasha hii. Niliiandika mara tatu. Ya kwanza nililaumu barabara, ya pili nilimlaumu mjomba wako. Hii ni ya tatu, isomwe kabla sijabadili nia.

Gari nimelipakia upya: wa mbali chini, wa karibu juu. Wateja wawili wamenuna, na mjomba wako alicheka mpaka nikamtoa ghalani.

Mama yako

---

Ijumaa, 10 Januari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mjomba alifika saa saba mchana. Anasema kwa jinsi alivyopita mapema, kila kijiji walimwuliza nani amefariki.

Mkuu wa shule aliisoma barua yako amesimama, kisha akakaa akaisoma tena.

"Mama yako amefanya kazi hii muda gani?"

"Miaka kumi na tisa, mwalimu."

"Amewahi kuandika barua kama hii?"

Nikasema hajawahi hata kutamka kwamba kosa ni lake. Akaikunja taratibu, akaitia katika faili lenye jina langu. Kisha akamwita mwandikishaji alete daftari.

Binti yako,
Bweni la pili, kitanda cha dirishani