Nina Fataki Tele, Rafiki Yangu Hana Hata Moja

Shangazi Opal mpendwa, naomba unisaidie kabla mke wangu hajanisaidia kwa njia yake. Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, nasoma safu yako kila wiki nikiwacheka wajinga wanaokuandikia, na leo nimejiunga nao.

Hapa kwetu Montana, kama ujuavyo, mwindaji anayejiheshimu hujaza risasi zake mwenyewe, anaokota ganda alilokwisha kulipiga, analisafisha, analitia fataki mpya, kile kikofia kidogo cha shaba kinachokaa kitakoni na kuwasha baruti kikigongwa, kisha baruti, kisha kichwa cha risasi, basi. Sasa fataki zimeadimika. Alhamisi gari la mizigo likija tunasimama nje ya duka tangu alfajiri, wazee wazima na vikombe vya kahawa, kila mmoja analia kumshinda mwenzake, na desturi yetu unaijua, kama usivyomwuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi, vivyo hivyo humwulizi mtu amebakiwa na fataki ngapi. Kwa hiyo hakuna anayelazimika kudanganya. Mimi nilijitolea.

Shangazi, ninazo nyingi. Zimejaa kabati zima kule chini ya nyumba, nyuma ya makopo ya cheri ya mke wangu Lavonne, kwa sababu uhaba uliopita ulinikuta mikono mitupu na nikakaa msimu mzima nikila kuku huku wenzangu wakishusha nyama kutoka milimani, nikaapa haitatokea tena, na tangu hapo nikiliona duka siwezi kulipita, hata tukiwa tunaenda mazishini. Lakini pale kwenye foleni nilikuwa nalia vizuri kuliko wote. "Jamani, mimi ndiyo basi tena," nasema, "bunduki naigeuza fimbo ya kutembelea." Nilikuwa najisikia raha kuhurumiwa, sikufichi.

Basi siku moja rafiki yangu Arlo, ambaye nimewinda naye tangu tuna nywele, akaja nyumbani akatoa mfukoni mwa shati kitrei cha fataki. Akaniambia, "Shika, bwana. Ni nusu ya zangu."

Nikamwambia, "Na wewe je?"

"Mimi nishazeeka, siku hizi napiga kidogo. Chukua, usinichoshe."

Ningekataa ningejiumbua, kwa hiyo nikachukua, nikamshukuru mpaka machozi yakanilenga, nikashuka nazo chini kuziweka na nyingine, nikakuta kabati limejaa, ikabidi nisogeze makopo ya cheri. Hata hapo sikuona haya, nilikasirika tu kwamba nafasi haitoshi.

Nusu yake iliyobaki Arlo akaimaliza kwenye shabaha mwezi wa tano, maana hakuwa na sababu ya kuibana. Juni majibu ya bahati nasibu ya vibali vya kuwinda yakatoka. Arlo amekuwa akiomba kibali cha kondoo-mwitu dume wa milimani tangu ujana wake na kila mwaka anakosa, wapo watu wanakufa wakiwa bado wanaomba, na mwaka huu jina lake likatoka. Alinipigia simu akashindwa kusema, nikadhani kafiwa. Na bunduki yake ni ile ya marehemu baba yake, ya kipimo ambacho viwanda viliacha zamani kukitengenezea risasi, hivyo asipojaza mwenyewe hana cha kupiga, na hataki kupanda na bunduki ya kuazima, anasema alimwahidi mzee. Zile alizonipa hakuziulizia, maana nilishamwambia nimezimaliza.

Hapo Shangazi ndipo ningesema. Badala yake nikamwambia, "Twende tukatafute!" Nikamwendesha kwa gari langu miji yote ya huku, tukavuka mpaka Wyoming, tunauliza duka kwa duka kitu kilichojaa chini ya nyumba yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nasikitika zaidi yake kila tulipoambiwa hakuna. Duka moja mwuzaji aliniona tu akachangamka, "Karibu tena, mzee! Zile boksi za mwezi uliopita zimeisha mara hii?" Nikapatwa na kikohozi cha ghafla. Arlo alikuwa anatazama visu upande wa pili, na sikio lake la kushoto halisikii, ila sikuona vizuri ni sikio lipi lilikuwa upande wetu. Njiani akasimamisha safari tule, akanilipia na kipande cha pai ya tufaha, akaniuliza, "Una neno lolote la kuniambia?" Nikamwambia, "Ningeongeza kahawa tu."

Wiki iliyopita Lavonne akafuata kopo la cheri. Akapanda juu taratibu, jambo ambalo si la kawaida yake. "Mzee wewe, unataka kuvamia Kanada?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka. "Arlo wa watu anazunguka na wewe ndani ya gari? Umwambie wewe, au nitamwambia mimi."

Msimu unafunguliwa katikati ya Septemba. Nimefikiria kumwambia nimeziokota kwenye droo ya zamani, au nimwachie boksi mlangoni bila jina, au nijaze mwenyewe risasi za bunduki yake nimpelekee kama zawadi. Sina rafiki mwingine wa namna yake, Shangazi, na umri huu sipati mwingine. Nikimwambia nitampoteza, nisipomwambia atakosa kondoo wake. Nifanyeje?

Mwenye Kabati

*

Mwenye Kabati,

Pole. Sasa pole imeisha, nisikilize.

Nimeolewa mara mbili, mara zote na wanaume wajazao risasi, kwa hiyo makabati ya aina hiyo nimeyafuta vumbi sana. Kuweka akiba si dhambi. Aliyewahi kukosa huogopa kukosa tena, na hilo silicheki. Ninachokicheka ni mtu mzima kumwendesha mwenzake mpaka Wyoming kutafuta kilichoko chini ya miguu yake, kisha akakubali kulipiwa pai.

Droo ya zamani usijaribu. Arlo amezijua droo zako kabla hujaoa. Boksi mlangoni bila jina? Mji wetu una watu wangapi wa kushukiwa? Na risasi ulizojaza wewe ndiyo kabisa zitoe akilini, maana unajua kama mimi kwamba hakuna mwenye akili hapa anayepiga risasi iliyojazwa na mkono wa mtu mwingine ila awe anamwamini hata kumkabidhi macho yake mawili na vidole vyake kumi, maana iliyokosewa humlipukia mpigaji. Kwa sasa unamwomba hilo kwa uso upi?

Na sasa nikuambie usilotaka kusikia. Mwindaji humwuliza mwenzake "una neno la kuniambia?" akiwa ameshalijua. Arlo alisikia pale dukani. Desturi inamkataza kukuuliza unazo ngapi, akaizunguka kadiri adabu ilivyomruhusu, akakuwekea na pai mbele, wewe ukaomba kahawa. Hofu ya kumpoteza uiache, maana tangu siku ile amekuwa akipanda gari lako akijua, na bado anapanda. Anakungoja. Huenda hata kondoo hamfikirii sana kama anavyokufikiria wewe, mjinga mkubwa.

Fanya hivi. Leo, kabla ya chakula cha jioni, nenda kwa Arlo mwenyewe, usipige simu. Mwambie kwa maneno machache, bila kulia, kulia umeshalia kwa mwaka mzima kwenye ile foleni. Mlete nyumbani, mshushe chini, ondoa makopo, fungua milango yote miwili ya kabati, kisha usogee pembeni achague mwenyewe. Alhamisi nenda dukani ukawaambie na wale wengine, ugawe. Watakutania mpaka uzikwe, na unastahili.

Arlo akikutukana, kaa umsikilize mpaka amalize. Akinyamaza, kaa pia. Na Septemba akipanda mlimani, mwambie Lavonne akufungie chakula cha watu wawili, maana mzigo wa kwenda na nyama ya kurudi utavibeba wewe, na ukichoka usiseme.

Shangazi Opal