Nilikunywa Kahawa ya Abu Qutaiba

Mpendwa mshauri, Shangazi Rudaina, naomba msaada maana nimebaki peke yangu. Mimi ni sajini wa polisi katika mji mdogo kaskazini mwa Jordan, na miaka miwili iliyopita pale kwenye kizuizi cha barabarani nilimpiga rungu kwenye kiwiko kijana wa mtaani kwetu, Qutaiba, fundi wa vigae, kwa sababu alinijibu kwa sauti na sisi tulifundishwa kwamba anayepandisha sauti anatulizwa kwanza, maswali baadaye, na mpaka leo mkono wake wa kulia haunyooki. Nikaadhibiwa, kisha mafunzo yakabadilishwa na mimi ndiye nikapewa kuwafundisha makuruta kushusha sauti, kurudi nyuma hatua moja, kuliacha rungu kiunoni, na huwa nawasimulia kisa cha kijana mmoja aliyeumizwa na askari mmoja, na kazi hiyo naipenda kweli, lakini mtaani nani anajali.

Muuza mikate ananihudumia akiangalia pembeni, kwa kinyozi nikikaa wengine wanakumbuka shughuli zao, msikitini tukimaliza kuswali jirani yangu anampa mkono aliye upande wa pili tu, mke wangu amewapeleka watoto kwao, na Ijumaa nakaa na sinia la mansaf, wali wa nyama ya kondoo, peke yangu, chakula cha watu kumi.

Mwezi uliopita nikajikaza nikaenda kwa baba yake, Abu Qutaiba, sare imepigwa pasi, na kwa kuwa kijitabu chetu kipya kinasema ukikaribishwa kitu kwa raia pokea unywe, alipomimina kahawa nikaimaliza ndipo nikaanza kuomba msamaha. Mzee akakichukua kikombe. "Si umeshakunywa? Basi shida yako imekwisha. Mlango ule pale." Qutaiba akacheka, "Muongezee, baba, labda afande ana kiu." Nililia ndani ya gari. Nihame?

— Sajini mpweke

Sajini, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili na imeniuma.

Lakini hebu niambie, wewe ni mtoto wa huko huko au ulishushwa na lori? Tangu lini mwenye haja anakunywa kahawa kabla haja yake haijakubaliwa? Umekwenda peke yako, na sare ile ile iliyomvunja mwana wa watu, halafu unakisingizia kijitabu. Ulitaka yaishe haraka, hilo tu.

Usihame. Vua sare, waombe ami zako na watu wawili ambao nyumba ile inawaheshimu, mwende pamoja. Kahawa ikija, iacheni. Sema mbele ya wote: mimi nilimvunja, naye hakuwa na kosa. Kozi unayowafundisha makuruta usiitaje. Wakikataa, ondokeni kahawa ikiwa imepoa, na mrudi tena.

Kisha muulize Qutaiba kama anaruhusu makuruta wajue majina, lake na lako. Huyo "askari mmoja" wako ni kujificha, na kuruta anayefundishwa na mtu aliyejificha atajifunza kujificha. Ule ukurasa wa kahawa nao, mwambie mkubwa wako uandikwe upya na watu wa mji wenu.

Salamu humdai mtu, kwa hiyo usiisubiri mlangoni. Mkono wake wa kulia haunyooki. Siku akikupa wa kushoto, upokee.